Mguu wa Mfuga Nyuki

Jumapili ile misa ilipokwisha, watoto wa parokia walimkimbia Mzee Gakunzi. Hawakukimbia kwa adabu, kama mtoto anavyompisha mtu mzima njiani. Walikimbia kwa makelele, wakicheka huku wameziba midomo, na walipofika mbali kidogo wakageuka na kuanza kuchechemea, wote kwa mguu wa kushoto, wakiburuza viatu vyao vya kanisani kwenye lami ya maegesho. "Gakunzi! Gakunzi anakuja!" Mzee alikuwa amesimama na mkono mfukoni, kwenye peremende anazowagawia kila wiki. Akautoa mkono mtupu, akautazama, akaurudisha mfukoni.

Delfina, binti yake, aliyaona hayo akiwa mlangoni pa kanisa. Kwanza hakuelewa. Watoto wale walikuwa wakimwita Sokuru, kama Warundi wanavyomwita babu, na hakuna hata mmoja aliyepaswa kulijua jina la Gakunzi. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya Buffalo, huku Amerika. Mzee alikuwa amefika mwaka uliotangulia, na wale wachache waliotoka naye kambi moja ya wakimbizi walikuwa wamesahau, au angalau walikuwa na heshima ya kujifanya wamesahau.

"Mmeyatoa wapi hayo?" alimuuliza mwanawe Agata ndani ya gari. Agata alikuwa darasa la tatu na alijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Ni filamu, alisema. Kwa akina mama Fides wana filamu inayozungumza Kiswahili, kuna mtu mbaya anakata watu kwa msumeno na jina lake ni Gakunzi. Halafu akamwinamia mama yake sikioni na kuuliza kwa nini mtu mbaya ana jina la Sokuru na mguu wa Sokuru.

Mzee alikuwa kiti cha mbele. Kiingereza hakukijua, lakini jina lake alilijua vizuri. Alitazama nje ya dirisha mpaka wakafika nyumbani, akaingia chumbani kwake na hakutoka kula.

Hapo ndipo Delfina alipoiva kwa hasira, na ili ieleweke ni hasira ya namna gani, inabidi turudi kambini, upande wa Kasulu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kambini hapo kulikuwa na mabanda ya video: miti, turubai, jenereta nje, ndani televisheni moja na deki. Mikanda ilikuja kwa Kiingereza ambacho hapakuwa na aliyekijua, kwa hiyo kila banda lilikuwa na mtafsiri wake, na mtafsiri hakutafsiri chochote kwa sababu na yeye Kiingereza hakukijua. Alizima sauti ya filamu, akashika kipaza sauti na kusema anachotaka. Steringi alizungumza kwa kinywa chake, adui alizungumza kwa kinywa chake, hata wasichana walilia kwa koo lake. Na mtafsiri aliyejaza banda kuliko wote alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Dionizi.

Dionizi alikuwa na mikanda ya mfuga nyuki, mfululizo mrefu wa filamu za kutisha, ambamo mwanamume mwenye kofia ya wafuga nyuki, uso umefunikwa na wavu mweusi, anawawinda vijana wa Kimarekani kwenye mashamba ya matofaa na kuwakata kwa msumeno wa kupogolea miti. Mwisho wa kila mkanda anauawa, mwanzo wa mkanda unaofuata amerudi. Kambi iliipenda mikanda ile vibaya sana. Na kabla ya kuanza palikuwa na desturi. Dionizi aliuliza, "Leo nani ni nani?" na watu wakatupa majina: shemeji zao, mwalimu wa hesabu, mpenzi aliyewaacha, ili wawaone wakikatwa na kucheka mpaka machozi. Majina ya wa kufa yalibadilika kila onyesho. La adui halikubadilika hata mara moja. Adui alikuwa Gakunzi.

Sababu? Gakunzi alikuwa na mizinga. Basi, ndiyo hiyo. Alitundika mizinga ya magogo msituni, na mwaka mmoja alianguka kutoka mtini akirina asali, mguu wa kushoto ukaunga vibaya. Wavu hakuwahi kuuvaa maishani mwake, alitumia moshi tu. Lakini Dionizi akawa anatangaza, "Huyo Gakunzi huyo, anachechemea na mguu wake wa kushoto, na binti wa watu huko kalala!" na banda zima likapiga yowe. Akamtungia na msemo: "Asali yangu hainogi bila damu." Kambi nzima ikaushika. Mwanzoni ikawa kicheko. Baadaye asali ya Gakunzi ikakosa mnunuzi. Baadaye tena mtoto wa jirani akapotea akiokota kuni, na mlango wa kwanza kugongwa ukawa wa Gakunzi, na waliougonga walikuwa na magongo mkononi. Mtoto alikutwa kwa shangazi yake, anakula ugali. Hakuna aliyerudi kusema samahani.

Kisha wazungu wakaja kuwahoji watu wa kwenda Amerika, na mtu fulani akawanong'oneza kwamba yule mwenye mguu mbovu watu wanamwita muuaji. Mkewe na watoto waliitwa kupanda ndege. Gakunzi aliambiwa asubiri. Alisubiri mpaka kambi ikafungwa, akarudishwa peke yake Burundi, nchi aliyoikimbia akiwa kijana. Mkewe alifia Buffalo, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama baba Delfina amepiga simu. Delfina alipopata uraia ndipo alipoweza kumwombea baba yake ruhusa ya kuja, na mzee akatua uwanja wa ndege akiwa na koti moja na meno machache, akiwashangaa wajukuu.

Sasa jina lilikuwa limemfuata hadi huku.

Alasiri ya Jumapili ile ile Delfina alikwenda kwa mama Fides, mmoja wa waliotoka kambi ile. Mama Fides alimpokea kwa furaha, akamkaribisha chai, na alipoulizwa habari ya filamu hakuona haya hata kidogo. Akaileta. Kasha la plastiki lilikuwa na picha ya Dionizi, amenenepa, ameshika kipaza sauti kama mhubiri, na nyuma yake mfuga nyuki na wavu wake. Chini yake palikuwa pameandikwa: Mikanda ile ile, sauti ile ile. Ilinunuliwa mji wa Columbus, kwenye maduka ya Waafrika ya barabara ya Morse.

"Ni kumbukumbu tu, Delfina," mama Fides akasema. "Mwenzangu, tulivyokuwa tunacheka! Unasahau shida zote."

"Na baba yangu je?"

Mama Fides akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogeka. "Jina Dionizi alikosea kulitumia, hilo sikatai. Lakini mguu si wa kutunga, dada. Yule mtu kwenye filamu anachechemea kweli, wa kushoto vilevile. Nimemwona kwa macho yangu. Ni bahati mbaya ya mzee kufanana naye, nani alaumiwe?"

Delfina na yeye aliamini hivyo hivyo miaka yote. Baba yake aliwakataza watoto wake banda lile, kwa hiyo filamu aliijua kwa kuisikia nje ya turubai tu. Tangu utotoni alijua kwamba mahali fulani Amerika kuna mtu mwovu mwenye mguu kama wa baba yake, na akamchukia mtu huyo kama unavyomchukia ndugu anayewatia aibu.

Siku chache baadaye, akitoka kumpeleka Agata kwa daktari wa meno kitongoji cha Amherst, aliingia duka la vitu vilivyotumika karibu na chuo kikuu. Alimwonyesha kijana wa kaunta picha ya kasha la mama Fides kwenye simu. Kijana alichekelea. Filamu hizi! Alikwenda nyuma, akarudi na kasha zito lenye mfululizo mzima, filamu zenyewe, bila Dionizi. Delfina alilibeba hadi kwenye gari akiwa amelishika mbali na mwili.

Alifanya kazi ghalani zamu ya jioni, na asubuhi mzee alikuwa darasa la Kiingereza na Agata shuleni. Kwa hiyo aliziangalia asubuhi, jua likipiga kwenye kioo cha televisheni, akikunja nguo. Alitarajia kuogopa. Akaona damu nyekundu kama soda ya stroberi, akaona mkono wa mpira unaanguka kwenye nyasi na vidole vyake havijipindi hata kidogo. Msichana mmoja alikufa na bado anapumua, kifua kinapanda na kushuka kila mtu akiona. Hiki? alijiuliza. Kitu cha kipuuzi namna hii ndicho kilichomla baba yangu?

Tena mfuga nyuki hakusema neno. Katika filamu ya kwanza alinyamaza, Delfina akadhani labda bado. Ya pili akanyamaza. Hakuwa na jina, hakuwa na msemo, hakumwambia mtu yeyote habari za asali wala damu. Alitokea nyuma ya miti na kutembea. Na ilikuwa katika filamu ya tatu, nguo ya Medard mumewe ikiwa mkononi nusu imekunjwa, Delfina alipogundua kitu kingine kilichokuwa mbele ya macho yake tangu siku ya kwanza. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Akatoa diski, akaweka ya kwanza, ya pili, ya nne, akawa anaruka ruka mpaka ya mwisho.

Mtu yule hakuchechemea. Alitembea sawasawa kwa miguu miwili, amenyooka kama askari wa gwaride.

Usiku alipotoka kazini akamwambia Medard, naye akasema, "Yaache, mke wangu. Watu watachoka wenyewe."

"Watachoka lini? Mama alisubiri wachoke, yuko wapi?"

Medard alikuwa mtu mwema. Akamtilia gari mafuta ya safari ya Columbus, akamwangalizia hewa ya magurudumu. Ijumaa Delfina akaondoka akiwa na kasha lile kwenye kiti cha pembeni, amelifunga mkanda kama mtoto. Alijua anachokitaka, na hakikuwa kikubwa. Dionizi alikuwa ndiye pekee aliyeujua ule uongo kutoka ndani, kwa hiyo Dionizi huyo huyo aseme kwa kinywa chake, watu wasikie, kwamba Gakunzi hakuwahi kuwemo. Baba yake arudi kanisani na peremende zake.

Columbus alifika mchana. Duka lilikuwa kati ya kinyozi na wauza simu, linanuka samaki wakavu na sabuni, na ukutani televisheni ilikuwa inacheza filamu ile ile. "Huyo Gakunzi huyo!" ilipiga kelele sauti ya Dionizi. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikongo kutoka Butembo, jina lake Kavugho, mcheshi, na alidhani amepata mteja.

"Karibu, mama! Ile ndiyo inatoka sana," akasema akiashiria televisheni. "Batu banaipenda, lazima niseme kweli. Dionizi alijaribuka kubadirisha jina mu diski moya, bon, batu bakarudisha madiski yote. Banataka Gakunzi. Donc akamurudisha."

"Gakunzi ni baba yangu."

Kavugho alicheka, kisha akamtazama usoni na kuacha. "Unasema nini?"

"Ni mtu. Yupo. Anakaa nyumbani kwangu Buffalo."

"Mungu yangu," Kavugho akasema polepole. "Miye nilizania ni jina ya sinema tu." Akachukua rimoti na kuzima. Akazikusanya diski zote za kaunta kwa mikono miwili na kuzisukuma chini, nyuma ya magunia ya unga. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi, lakini alimfungia Delfina maandazi ya njiani, na ndiye aliyemwambia: kesho Dionizi yuko mjini kwake Louisville, anaonyesha mwenyewe, mubashara, saa nane mchana, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vitambaa.

Kesho yake ukumbi wa Louisville ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, sambusa kwenye trei, akina mama na vitenge vyao vya sherehe, wanaume waliotoka zamu macho mekundu lakini wamenyoa ndevu. Delfina alizitambua baadhi ya sura za kambini, zimezeeka, zimeshiba. Mbele kabisa walikaa watoto na bakuli la bisi. Dionizi alisimama kando ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea, fulana imemkaa kwa shida, na alipofungua mdomo Delfina alirudi utotoni, nje ya turubai, usiku wa Kasulu.

"Leo nani ni nani?" Dionizi akauliza.

Majina yakamiminika. Rutebuka akatwe shingo! Shemeji Azarias afe kwanza, tena chooni! Watu walijipinda kwa kicheko.

"Na adui?"

"Gakunziii!" ukumbi mzima ukajibu, watoto kwa wakubwa.

Delfina akasimama. Alikuwa amepanga maneno mengi barabarani, na yote yakamtoka kichwani. Likabaki moja.

"Mguu upi?"

Dionizi aliweka mkono juu ya macho kumtafuta. "Nani huyo? Karibu, dada, keti."

"Nauliza anachechemea mguu upi."

"Wa kushoto!" watu wakajibu, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

"Sikuwauliza nyinyi. Dionizi, mguu upi?"

"Wa kushoto, dada yangu. Kila mtu anajua."

"Haya, tuonyeshe. Wewe funga mdomo, weka filamu, sisi tuangalie."

Wakapiga makofi. Wazo liliwafurahisha. Dionizi alisita, lakini watu walishaanza kumpigia miluzi, na mtafsiri anaishi kwa watu. Akabonyeza. Kwenye kitambaa lilitokea shamba la matofaa, mistari mirefu ya miti, na kutoka mwisho wa mstari akaja mfuga nyuki, mwili mzima, anatembea kuwaelekea. Akapiga hatua, nyingine, nyingine. Bisi zikaacha kutafunwa.

"Ngoja, ataanza," mtu akasema.

"Labda ni ile ya pili."

"Hebu rudisha kidogo."

Dionizi akarudisha. Mfuga nyuki akaja tena, amenyooka, mzima wa miguu yote miwili, wala hana haraka. Nyuma kabisa mwanamke mmoja wa makamo alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Hachechemei. Mimi nilimwona akichechemea. Naapa nilimwona."

"Uliambiwa," Delfina akasema. "Mliambiwa, mkaona. Mkaja kwetu na magongo." Sauti yake ilianza kupanda, na aliiacha ipande. "Mimi ni Delfina wa Gakunzi. Huyo mnayemchekea anakaa kwangu, anashona vifungo vya wajukuu. Hajawahi kumkata mtu hata ukucha! Mama yangu amekufa bila kumwona mumewe kwa sababu ya mguu ambao haupo. Dionizi, kwa nini baba yangu? Alikukosea nini?"

Dionizi alikuwa amezima kipaza sauti. Bila hicho sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakunikosea kitu, dada. Alikuwa na mizinga, na huyu ana mizinga. Na jina lenyewe, Gakunzi, linajaza mdomo. Huo mguu nilitia chumvi tu, watu wacheke. Mimi sikumhoji mtu, sikumzuia mtu kupanda ndege."

"Waambie basi. Washa hicho kidude uwaambie."

"Si wameshasikia? Tusigombane, tumetoka mbali." Akajaribu kutabasamu kwa ukumbi. "Tufanye hivi. Tubadilishe. Nipe jina lolote unalotaka wewe, na leo hii hii nalitumia, na diski zote narekodi upya. Haya, sema."

"Dionizi," Delfina akasema.

Kicheko kilianza upande mmoja kikafa njiani.

"Tumia Dionizi. Nalo linajaza mdomo."

Dionizi aliangalia mstari wa mbele. Kati ya watoto wa bisi palikuwa na msichana mwenye miwani, na pembeni yake wenzake wawili wa shule, na alikuwa anamtazama baba yake akingoja. Dionizi akalamba midomo. Aliwasha kipaza sauti, akakizima. "Hilo hapana, dada. Nina watoto. Wanasoma hapa hapa."

"Mimi pia nilikuwa mtoto," Delfina akasema. "Nilisoma pale pale."

Halafu mwanamume mmoja katikati akanung'unika kwamba watu wamekuja kucheka, mambo ya familia yamalizwe nje, na Delfina akamgeukia kwa jicho ambalo lilimkalisha. Viti vilianza kukwaruza sakafu. Yule mwanamke wa makamo alitoka akimpita karibu, hakumtazama, akamgusa mkono tu. Wengine waliondoka, wengine walibaki wakiambizana kwamba filamu bado inaendelea. Kwenye kitambaa mfuga nyuki alikuwa anaua mtu bila sauti na hapakuwa na wa kumsemea.

Dionizi alimkuta kwenye maegesho, anahema, simu mkononi. "Nipe namba ya mzee. Nitaongea naye mwenyewe, kiume."

"Utamwambia nini?"

Akafikiri. "Nitamwambia ilikuwa utani."

Delfina alifunga mlango wa gari kwa nguvu hata dada mmoja aliyekuwa anapita akashtuka. Aliendesha kurudi alikotoka na hasira haikupungua hata maili moja. Alikuwa amekwenda kuchukua sentensi moja tu kwa mtu yule, na mtu yule, mwenye maneno ya kujaza mikanda yote ile, alishindwa kumpa.

Jumapili mchana aliingia nyumbani, macho yamevimba kwa barabara. Medard na Agata walikuwa bado kanisani. Mzee hakwenda. Alikuwa amekaa sebuleni na koti lake, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, fimbo kwenye goti.

"Mumeo ameniambia ulikokwenda," akasema. "Umemwona?"

"Nimemwona, Baba."

"Amesemaje?"

"Amesema ilikuwa utani."

Mzee akatikisa kichwa kama aliyetarajia. "Hukupaswa kwenda kugombana na watu ugenini, mwanangu. Jina ni kweli alinionea. Lakini ule mguu hakudanganya."

"Baba, unasema nini?"

"Niliingia, Delfina. Siku moja, nyinyi mkiwa shuleni. Nilijifunika blanketi kichwani nisijulikane, nikakaa nyuma. Nilitaka kumwona huyo mtu wanayesema ni mimi." Alizungumza bila kuinua macho. "Nikamwona. Anachechemea kama mimi. Mguu huu huu. Nikasema, basi. Kama hata huko ng'ambo wananijua hivi, nitabisha nini? Ndiyo maana wale wazungu waliponiuliza kwa nini watu wananiita muuaji, nilinyamaza. Niliona nikikataa watatoa filamu wanionyeshe."

Delfina alisimama katikati ya sebule. Kwa miaka yote ile alidhani baba yake alisingiziwa akakosa wa kumsikiliza. Kumbe aliulizwa. Kumbe mlango ulikuwa wazi, na mzee hakupita kwa sababu mtu mwenye kipaza sauti alimwonyesha mguu ambao haukuwapo, na yeye mwenyewe, mwenye mguu, akauona.

Alilitoa kasha. Akaangusha diski, akaiokota, akaipangusa kwenye sketi. Aliweka ile ya shamba la matofaa na kuzima sauti kabisa.

"Angalia, Baba. Usimsikilize mtu. Angalia miguu tu."

Mzee alijivuta mbele. Mfuga nyuki alitoka mwisho wa mstari wa miti na kuja, kwenye jua la mchana, hatua baada ya hatua. Midomo ya mzee ilikuwa inasogea kidogo, kama mtu anayehesabu. Mfuga nyuki alikijaza kioo kwa mwili wake, akapita, akaondoka.

Kisha fimbo ilidondoka, na Mzee Gakunzi, ambaye hakuna mtu kambini wala Burundi wala Buffalo aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alinyanyuka kwenye kochi kwa mguu wake mzima na mguu wake mbovu, ngumi zimekunjwa, akalia neno moja chafu la Kirundi ambalo Delfina hakujua kama baba yake analijua.

"Rudisha," akasema alipopata pumzi.

Delfina akarudisha.

"Rudisha tena."